Ikinyamaza Ni Yako

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa mwezi wa sita, asubuhi, kabla chai ya saa nne haijamiminwa. Yaliharibikia kwenye ushoroba wa ghorofa ya saba, mbele ya ukuta uliobakiza kipande cha ukubwa wa mlango mmoja tu kumalizika. Wala hapakuwa na kishindo. Hilo ndilo linalomtafuna Bunduki mpaka leo. Kishindo humfanya mtu ashtuke, ageuke, avute mkono. Siku ile palikuwa kimya, kimya cha kumsikia mwenzako akimeza mate.

Bunduki hakuwa askari. Kazi yake ilikuwa kupuliza rangi kwa mashine, na kile chombo kinachotema rangi kina mpini na kifyatulio kama cha bunduki, basi jina likamganda kama rangi inavyoganda chini ya kucha. Mkewe, aliyekuwa akifanya naye kazi, aliitwa Mama Chujio. Yeye ndiye aliyechuja rangi kwa kitambaa isiwe na mabonge, akavuta mpira usijikunje, na pua ya bunduki ikiziba, yeye ndiye mzibuaji. Walianza kazi hiyo binti yao akiwa mgongoni kwa mama yake. Sasa binti ana cherehani yake na kibanda chake, na wateja wanamgombania.

Miaka yote hiyo walitumia mashine ya petroli. Mafundi waliibatiza Mama Mkwe, kwa sababu ikianza kunguruma hakuna mwingine anayeruhusiwa kusema neno. Ilikuwa mashine ya nguvu, lakini moshi wake ulikuwa balaa. Ndani ya vyumba vilivyofungwa ulipanda mpaka kwenye dari, ukashiba huko juu, kisha ukashuka kutafuta vifua vya watu. Mama Chujio alikohoa kikohozi kile ambacho mtu akikizoea husahau kwamba ni ugonjwa. Akipenga kamasi, leso inatoka nyeusi. Mara kwa mara Bunduki alikwenda ofisini kwa msimamizi, kofia mkononi.

"Mkubwa, mashine hii ni ya nje. Ndani inatumaliza. Mke wangu kifua kimekwisha."

"Mzee," msimamizi anajibu bila kuinua macho kwenye simu, "moshi huu umekulisha tangu ujana. Leo ndio umekuwa sumu?"

Na kweli haukuwa sumu, mpaka ulipoingia kwenye pua ya maana. Katika jengo lile refu walilokuwa wakilipaka, ghorofa za chini zilikuwa zimeshapata wapangaji. Kwenye ghorofa ya nne alikuwepo wakili mmoja. Siku moja akasema wateja wake wanasikia harufu ya petroli na kelele za mashine zinawaumiza kichwa. Alisema mara moja tu. Mwezi haukuisha, mashine za betri zikaagizwa. Hazina moshi wala kelele, unachomeka betri kama unavyochaji simu. Mapafu ya mke wa fundi yalikohoa miaka na miaka, hakuna aliyesikia, wakili akapiga chafya moja, kampuni nzima ikasema "afya!"

Hata hivyo Mama Chujio alifurahi. Mnyonge hachagui mlango wa kupitia bahati.

"Wewe nuna tu," alimwambia mumewe. "Mimi zije hata kwa ajili ya paka wa wakili. Nitapumua."

Lilikuja gari Jumamosi, likashusha mashine tatu na kijana mtanashati kutoka kwa wauzaji, wa kufundisha namna ya kuzitumia. Mafundi walikuwa uani wakiosha ndoo. Walidhani wataitwa. Hawakuitwa. Kijana aliingizwa ofisini, mlango ukafungwa ili ubaridi wa kiyoyozi usitoke, na ndani wakakaa yeye, meneja na msimamizi. Kwenye dirisha Bunduki alimwona meneja akitoka kila mara kupokea simu, akirudi, akitoka tena. Msimamizi hakutoka. Alikaa akisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Kisha wakanywa soda, kijana akapanda gari lake, akaenda zake. Walioshika bunduki hawakuambiwa hata neno moja.

Sasa inabidi kueleza jambo moja, maana bila hilo hakuna atakayeelewa.

Mama Mkwe alikuwa na sheria yake, iliyorithishwa kutoka fundi hadi fundi kama dawa ya ukoo: ikinguruma usiiguse, ikinyamaza ni yako. Haikuwa ushirikina. Mashine ya petroli huwezi kuizima wakati rangi ingali imebanwa ndani ya mpira kwa presha yote ile, kwa sababu ukija kuivuta kamba kuiwasha tena, kamba itakukatalia na kukung'oa bega. Kwa hiyo kila fundi, kabla ya kuzima, alifungua koki ya kurudishia rangi ndooni. Rangi inarudi, presha inakufa, ndipo injini inazimwa. Kimya kilikuja mwisho kabisa. Ukisikia kimya, ujue presha imeshakufa na kuzikwa, na matanga yameanuliwa.

Ndani ya kimya hicho Mama Chujio alifanya kazi yake. Alipokea bunduki kwa mumewe, akaweka kidole cha shahada cha mkono wa kushoto juu ya pua, akabonyeza kifyatulio kidogo. Rangi iliyobaki ikichuruzika kidoleni kama chozi, pua imezibuka. Isipochuruzika, anachokoa kwa sindano na kujaribu tena. Alifanya hivyo mara zisizo na idadi. Mikono yake ilijua yenyewe, kama mikono ya mama inavyojua kumgeuza mtoto aliyelala.

Jumanne ile msimamizi mwenyewe ndiye aliyepandisha mashine mpya kwa lifti, bado imevaa nailoni yake. Mafundi wa chini walikuwa wameshaipa jina: Bubu.

"Haya mzee, haya mama. Betri inaingia hapa. Swichi hii hapa. Kuwasha, kuzima. Hata mtoto anaweza."

"Na masharti yake mengine?" Mama Chujio aliuliza. "Kila mgeni ana masharti yake."

"Masharti gani, mama? Bunduki ile ile, mpira ule ule, rangi ile ile. Kilichobadilika ni tumbo tu. Lile lilikunywa petroli, hili linakula umeme. Fanyeni kazi. Saa nne meneja anakuja na wageni, wenye majengo mengine, waone tunavyofanya kazi bila kelele. Ukuta huu uwe umekwisha."

Akaondoka. Bunduki akawasha. Bubu akavuma kidogo, kama friji iliyo chumba cha pili, kisha akanyamaza. Bunduki akabonyeza kifyatulio, rangi ikatoka nyororo kuliko alivyowahi kuiona, Bubu akavuma tena. Akiachia, Bubu ananyamaza. Akibonyeza, anavuma.

"Hii mbona kila saa inapumzika?" Mama Chujio akasema. "Imechoka kabla ya kazi. Kama mtu mmoja namjua."

"Ina akili. Mimi nikipumzika hivyo utanipa chai?"

"Nitakupa mgongo."

Wakacheka. Ndivyo walivyoelewa: mashine inapumzika. Ingekuwa wameitwa Jumamosi ile, wangejua kwamba Bubu hapumziki. Ananyamaza akishashiba presha. Kimya chake ndicho kilele cha nguvu zake. Rangi imejaa kwenye mpira inasubiri kidogo tu ipate tundu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wahenga nao hawakualikwa ofisini.

Wakaendelea na kazi. Baada ya kitambo Bunduki akasikia sauti nyuma yake, nyembamba, ya kuvutwavutwa. Akageuka, kitambaa kimemfunika pua na mdomo.

"Nani anaimba?"

"Nani mwingine yuko hapa? Mimi."

"Tangu lini unaimba kazini?"

"Tangu tuanze kazi, baba we. Kila siku ya Mungu. Wewe ulikuwa na Mama Mkwe masikioni, ungenisikia wapi?"

Bunduki akasimama na bunduki yake mkononi. Mke huyu alikuwa amemwimbia mgongo miaka yote hiyo, naye hajui. Ulikuwa wimbo ule aliokuwa akimlazia binti yao.

"Imba tena."

"Sasa nimeona haya."

"Haya ya nini? Mimi si nimegeukia ukuta?"

Akaimba. Bunduki akapuliza rangi, mkono ukienda na kurudi, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi ile hakuona inakwisha saa ngapi.

"Na wewe kumbe unazungumza na ukuta," mkewe akasema baadaye. "'Njoo, usikimbie, tulia mama, tulia.' Huyo mama ni nani?"

"Rangi."

"Haya. Rangi. Siku nikimjua huyo rangi anakaa mtaa gani, mtanitambua."

Walikuwa wangali wanacheka msimamizi alipotokea kwenye fremu ya mlango, simu mkononi, jasho kwenye mdomo wa juu.

"Wageni wako kwenye lifti! Mbona hicho kipande bado?"

Kama vile imemsikia, pua ikaziba. Rangi ikatoka mkia wa panya, ikakatika. Bunduki akaachia kifyatulio. Bubu akavuma, akanyamaza. Bunduki akarudisha mkono nyuma na bunduki bila kuangalia, kama alivyorudisha maisha yake yote, na mkono wa mkewe ukaipokea bila kuuliza, kama ulivyopokea maisha yake yote. Msimamizi alikuwa amesimama palepale kwenye fremu, angenyoosha mkono angemgusa yule mama bega. Alikuwa anamtazama mikono.

"Haraka, mama," akasema. "Haraka, haraka."

Mama Chujio akaweka kidole cha shahada juu ya pua. Akabonyeza.

"Ai."

Hakupiga kelele. Ni "ai" ya mtu aliyechomwa na sindano ya kushonea. Akatazama kidole chake. Palikuwa na kitone cheupe kama punje ya chumvi. Damu hakuna. Bunduki akageuka, akamshika mkono, akaufuta na shati lake. Kitone hakikufutika. Kilikuwa ndani.

Msimamizi alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Kisha akakishusha, akasema haraka haraka, "Si kitu hicho. Kimechubua tu. Funga plasta. Mzee, malizia ukuta."

Lifti ikafunguka. Meneja akatoka na wageni wake wanaonukia marashi, wakatazama ukuta, wakaisifu mashine kwa kutotia moshi. Mama Chujio alisimama pembeni, mkono nyuma, akitabasamu kama alivyoambiwa. Alichuja rangi mpaka jioni kwa mkono mmoja.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Jumatano kidole kilivimba. Kwenye zahanati ya karibu walimpa vidonge vya maumivu. Alhamisi kiganja kizima kilikuwa kimegeuka rangi ya bilinganya, na maumivu yamepanda mpaka kwapani. Msimamizi alipigiwa simu akasema apumzike, atapona, yeye mwenyewe aliwahi kutoboka na msumari. Walipofika hospitali kubwa, daktari alipasua kile kidole akakuta nyeupe ya ukutani. Rangi ile ile. Ilikuwa imeingia kwa tundu la sindano na kutembea chini ya ngozi mpaka kwenye kifundo cha mkono, ikiozesha kila ilipopita.

"Mtu aliyepigwa na presha hii hasubiri hata kubadilisha nguo," daktari alimwambia Bunduki. "Anakimbizwa saa ile ile. Nani aliwaambia mngoje?"

Wakaukata mkono juu ya kiwiko. Haikusaidia, sumu ilikuwa imeshahamia kwenye damu. Jumanne iliyofuata Bunduki alikuwa mgane.

Kampuni ilileta shada la maua na turubai la kuwakinga waombolezaji jua. Meneja alikuja, akaketi kidogo, akasema maneno mazuri yaliyopigwa pasi. Kama mambo yangeishia hapo, pengine Bunduki angelia kimya kimya na kurudi kazini. Wangapi wamefanya hivyo? Maskini hana muda wa kukasirika sana, na binti yake alishamwambia, "Baba, mama keshakwenda. Tumwache apumzike."

Lakini siku aliyokwenda uani pa kampuni kuchukua vitu vya marehemu, ovaroli, kikombe chake cha bati na lile chujio la kitambaa, aliwakuta wafanyakazi wamepangwa mstari mbele ya ghala, meneja amesimama juu ya ngazi anahutubia. Bunduki alikuwa nyuma ya ghala, chujio mkononi. Alisikia vizuri.

"Ajali ya mwenzetu," meneja alisema, "ilitokana na uzembe wake mwenyewe. Inasikitisha, lakini ndio ukweli. Liwe funzo kwetu sote. Mashine ni salama. Mtu akiwa mzembe, hata kijiko kitamuua."

Uzembe. Yule mwanamke ambaye hakuwahi kumwaga tone la rangi kwenye sakafu ya mtu. Aliyekuwa akichuja ndoo mara mbili ilhali wenzake hawachuji hata mara moja.

Neno halina miguu lakini hufika kabla ya mwenye miguu. Wiki haikuisha, lilikuwa limeshafika mtaani. Mteja mmoja kwenye kibanda cha binti yake, akipimwa kiuno, aliuliza kwa nia njema kabisa, "Eti mama yako ndiye yule aliyejipiga mwenyewe kwa kuchezea mashine?" Nusura binti ameze pini za mdomoni. Usiku ule hakula. Asubuhi hakusema tena habari za kumwacha mama apumzike.

"Baba," alisema, "mkono wameukata, sawa. Jina nalo wanakata?"

Tangu hapo Bunduki akawa na haja moja tu duniani: lile neno lirudishwe kinywani lilikotoka, na lirudishwe mbele ya wale wale waliolisikia.

Msimamizi alikuja nyumbani siku moja, viatu vyake vizuri vikiogopa tope la uani. Alikalia ukingo wa kiti.

"Pole tena, mzee. Sasa, kazi inakungoja. Hakuna anayepuliza kama wewe, hata meneja anasema. Kuna sherehe ndogo ya kukabidhi jengo. Wageni wakubwa. Tunataka uwaonyeshe mashine ya betri inavyofanya kazi."

"Mimi?"

"Wewe. Itaonyesha kwamba hata wewe huna kinyongo nayo."

"Na mashine nimegombana nayo lini?" Bunduki akauliza. "Lile neno lifutwe kwanza."

"Neno gani?"

"Unalijua."

Msimamizi akajikuna shingo. "Aa, lile. Mzee wangu, 'uzembe' ni neno la kiofisi tu. Bila neno hilo kuna watu wa juu wangeuliza maswali mengi."

"Kama ni neno tu, lipeleke kwa mkeo alale nalo usiku mmoja."

Binti, aliyekuwa akipiga pasi chumba cha pili, akacheka kicheko kibaya, kifupi. Msimamizi akasimama. Mlangoni akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu machoni, "Njoo tu siku hiyo. Meneja ataongea neno zuri juu ya marehemu. Nitamwambia."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Basi Bunduki akaenda. Alivaa ovaroli iliyofuliwa, binti yake akaipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Binti naye akaenda, akasimama nyuma kabisa kati ya wafanyakazi. Uani palikuwa na turubai lile lile la matanga. Bunduki alilitambua kwa kiraka. Chini yake viti vya vitambaa vyeupe, wageni, na kule mwisho, karibu na makreti ya soda, msimamizi akigawa chupa. Ubao mkubwa ulikuwa umesimamishwa katikati, na kando yake Bubu, amefutwa vumbi, anang'aa.

Meneja alisimama na shati jeupe. Akazungumza juu ya hewa safi, juu ya kampuni inayowajali majirani. Alimtaja wakili wa ghorofa ya nne na kumshukuru, watu wakampigia makofi wakili. Bunduki alikuwa amesimama kando ya mashine, anangoja zamu ya marehemu.

"Ni kweli tulimpoteza mwenzetu mmoja," meneja akasema, "kwa sababu ya kutofuata taratibu. Lakini hatukurudi nyuma. Na leo fundi wetu mkongwe, mume wa marehemu, yuko hapa kuwaonyesha kwamba mashine hii, ikishikwa na mtu makini, haina neno. Karibu, mzee."

Basi hilo ndilo neno zuri. Uzembe ulikuwa umevishwa suti tu na kuitwa taratibu. Nyuma kule Bunduki alimwona binti yake amefumba macho.

Aliinama, akawasha swichi, akaupaka ubao kwa mikupuo mirefu, rangi ikalala kama shuka lililotandikwa. Wageni wakanong'ona kwa kupendezwa. "Hata haisikiki!" mmoja akasema. Bunduki akaachia kifyatulio. Bubu akanyamaza. Bunduki akainama kama anayeunyoosha mpira, akazima swichi, akafungua koki, akaiacha rangi irudi ndooni taratibu, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeangalia ndoo. Akasimama, akamgeukia meneja, bunduki mkononi, pua yake ikitazama juu.

"Bosi, naona pua imeziba. Mikono yangu siku hizi inatetemeka. Hebu nisaidie. Weka kidole hapa tu uifute, mimi nibonyeze. Si imeshanyamaza?"

Meneja akacheka, akawatazama wageni. Hili lilimfurahisha: bosi anayekubali kuchafuka. Akakunja mkono wa shati.

"Mnaona? Ingekuwa ile ya petroli ningeikaribia kweli?"

Akanyoosha kidole.

"USIGUSE!"

Kreti la soda lilianguka. Chupa zikapasuka, povu likatambaa mpaka miguuni kwa wageni. Msimamizi alikuwa anakimbia katikati ya viti, mikono mbele. "Usiguse, bosi! Presha! Ikinyamaza ndio imejaa! Toa kidole!"

Meneja akaurudisha mkono kama aliyeushika moto. Wapita njia walisimama getini.

Bunduki akaweka kidole chake mwenyewe juu ya pua, akabonyeza. Rangi ikachuruzika kidoleni, polepole, kama chozi.

"Hakuna presha," akasema. "Nimefungua koki. Mimi si muuaji."

Akamtazama meneja.

"Bosi, ulikuwa unaweka kidole. Mashine imenyamaza, umeona salama, umeweka kidole. Na wewe ni mzembe?"

Meneja akaukunjua mkono wa shati. Akatazama shati lake kana kwamba jibu limeandikwa huko. Mwishowe akawaambia wageni kwamba kuna vitafunwa upande wa pili, kwenye kivuli, karibuni sana, karibuni. Wageni wakainuka wakikanyaga soda.

Bunduki alikuwa ameshamgeukia msimamizi, aliyesimama anahema, suruali imelowa mpaka magotini.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. "Jumamosi ile uliambiwa, ukajua. Leo ulikuwa kule mwisho kabisa kwenye soda, umepiga kelele mpaka watu wa barabarani wamesimama. Jumanne ile ulikuwa kwenye fremu ya mlango. Ungenyoosha mkono tu. Ulimwona anaweka kidole. Sauti yako ilikuwa wapi?"

Msimamizi alitikisa kichwa. Akainama, akaanza kuokota vipande vya chupa. Binti wa Bunduki alikuja mbele, akamshika baba yake mkono, wakatoka getini. Wafanyakazi waliwapisha, wengine wakavua kofia.

Sasa mashine zote zina kibandiko chekundu cha kuonya, na kila fundi mpya anafundishwa habari za koki kabla hajapewa ovaroli. Wenye vyeo ni watu wa ajabu: hujifunza haraka sana kwa mkono wa mwenzao. Mafundi hawalitamki tena lile neno. Lakini kutoka juu halijafutwa na yeyote, na meneja hajasimama tena juu ya ngazi kusema alikosea. Bunduki hakurudi kwao. Anapaka nyumba za watu kwa brashi, anafanya polepole, na akiwa peke yake chumbani hujikuta ametega sikio nyuma.

Msimamizi bado anaishi mitaa ile. Hukutana dukani kwa muuza vifaa vya ujenzi, au kwenye foleni ya maji, maana mji ni mdogo kwa wanaokwepana. Bunduki hamtukani. Humsalimia vizuri, humuulizia mke, humuulizia watoto, kama adabu inavyotaka. Msimamizi hujibu yote hayo, wote wazima, tunashukuru. Ndipo Bunduki humsogelea na kumuuliza tena, kwa sauti ya chini ambayo siku zile, Mama Mkwe akinguruma, hakuna ambaye angeisikia:

"Siku ile sauti yako ilikuwa wapi?"